Kijana yule yule, faili tatu: CUC, probesheni, orodha ya majina ama wazee wa mtaa, muende na ipi?

Kuna kijana huku kwetu Kisauni, Mombasa, ntamwita Dogo manake jina lake si la kuanikwa, kila mtu amemjua tangu anatumwa dukani sukari robo. Kwa mwaka na miezi kidogo ameshikwa mara tatu. Ya kwanza ni simu ya mtu aliikwapua stejini, ya pili betri ya tuktuk, ya tatu aliingia duka la jirani yangu usiku kupitia mabati ya juu. Mara zote tulifuata, tukaandikisha, tukapewa OB namba, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, na mara zote baada ya siku mbili tatu tukamkuta amekaa maskani na wenzake, na anatuamkia vizuri kabisa, shikamoo na mkono kifuani.

Sote tulidhani ni hongo, sitadanganya. Nlipoanza kufuatilia mwenyewe nikakuta jambo lingine. Faili ya kwanza imeandikwa jina lake na la babake, ya pili imeandikwa jina lake na la babu, ya tatu, wallahi, imeandikwa jina la utani, lile la maskani, na kwa kuwa hakuwa na kitambulisho hapakuwa na namba ya kuziunganisha. Kesi mbili ziko korti moja, moja iko korti nyingine. Siku ya hukumu ya ile betri upande wa mashtaka ukasimama ukasema yale maneno yanayosemwa kila siku, kwamba hakuna kumbukumbu za awali, mshtakiwa achukuliwe kama mkosaji wa kwanza. Mkosaji wa kwanza! Akapigwa faini ndogo akatoka. Mtu pekee aliyezijua faili zote tatu ni mamake, anauza viazi karai, na ndie aliyetoa pesa mara zote, ya tatu kwa hela ya chama ambayo hata haikuwa zamu yake.

Yaani polisi, waendesha mashtaka, korti, probesheni, magereza, chifu, kila mmoja ana kipande chake cha Dogo na hakuna meza vipande hivo vinakutana.

Sasa kikao chetu cha wakazi kikagawanyika mafungu manne. Mwalimu mmoja mstaafu anataka tuende CUC, ile kamati ya mahakama, vijana wa timu ya mpira wanataka probesheni wampe kazi asimamiwe, mwenye hadiwea anataka orodha ya majina iandikwe ipelekwe kwa wakubwa na kila mmoja amulikwe, na wazee wanasema huyu ni mtoto wetu tumalizane nae hapa hapa. Nikapewa kazi ya kuzunguka kuuliza. Nimekaa kortini asubuhi kadhaa, nimesoma sheria zenyewe, na hapa nawawekea zote nne, manake najua si mtaa wetu peke yake ulio na Dogo wake.

Kwanza muelewe kwa nini kuhangaika na wachache. Kuna utafiti wa zamani wa Philadelphia, Marekani, walifuatilia wavulana karibu 10,000 waliozaliwa 1945 wakakuta kikundi cha asilimia 6 hivi ndicho kilichofanya zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyoandikwa. Nilicheka, manake hata bila utafiti mama yeyote wa mtaani anaweza kukuhesabia kwa vidole, hawa wanne hapa, wale watatu kule nyuma ya kisima, hao wengine ni kelele na bangi tu.

Maswali niliyouliza kwa kila njia

Nimeuliza haya haya kwa zote. Nani hasa anakaa mezani? Inamshika kijana wapi, kabla ya korti, ndani ya korti, ama siku anayotoka? Ina meno gani ya kisheria? Itawagharimu nini nyinyi wa mtaani, muda na pesa? Na ikiharibika, inaharibika vipi? Hili la mwisho watu huliruka na kwa mji kama huu wetu mimi ningeanza nalo.

Njia ya CUC

Hii ni Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, lakini kila mtu anaiita CUC tu. Juu kabisa kuna baraza la kitaifa, NCAJ, lililoundwa na Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011, mwenyekiti ni Jaji Mkuu, na huku chini vituo vya mahakama vina kamati zao zikiongozwa na hakimu ama jaji. Mezani wapo karibu wote wenye vipande vya Dogo: polisi, ofisi ya mashtaka, probesheni, magereza, idara ya watoto, mawakili, machifu, mashirika, watu wa dini. Kwa upana wa meza hakuna njia nyingine inayoifikia.

Ila sikilizeni vizuri hapa manake watu wengi hukosea: CUC haimshiki kijana, inashika mfumo. Ukienda pale ukasema "kuna kijana fulani ana kesi" hakimu atakukata, na ana haki, hawezi kujadili kesi iliyo mbele yake kwenye kikao cha chai. Unachopeleka ni mtindo. Mwambie majina yanaandikwa tofauti kwa mtu mmoja. Mwambie alama za vidole hazifiki kortini kabla ya hukumu. Mwambie habari ya mashahidi: jirani yangu mwenye duka alifunga duka siku tatu kwenda kortini, zote kesi ikaahirishwa, na hakuna aliyempigia simu kumwambia asije, siku ya nne akasema mimi nauza unga wa mahamri bwana, siendi, na siku hiyo ndo kesi ikaitwa. Hilo ni jambo CUC inaweza kulirekebisha kwa mitaa yote kwa mpigo, tena bila sheria mpya.

Meno yake ni madogo. Inatoa maazimio, haiamrishi mtu. Nguvu yake ni ile ya afisa kuulizwa mbele ya hakimu na wenzake, ulisema utafanya hivi, mbona hujafanya, na hiyo si nguvu ya kudharau. Gharama kwenu ni nauli, barua moja ya kuomba nafasi kupitia ofisi ya utawala ya mahakama, na subira nyingi, manake vikao kwa kawaida ni mara moja kwa robo mwaka, kwa hivo mkikosa kimoja mmepoteza miezi mitatu.

Inaharibika polepole, huwezi hata kujua. Inageuka samosa na kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Halafu kumbukeni Mombasa ina korti ya mjini na ina ya Shanzu, kila moja na kamati yake, na kijana wa kukwapua haulizi mpaka uko wapi, leo yuko Bamburi kesho yuko Buxton. Mkienda moja tu mmeziba nusu ya tundu.

Inawafaa: mtaa wenye mtu wa kuandika vizuri, mstaafu ama mwalimu, anayeweza kwenda kikao baada ya kikao mwaka mzima bila kuchoka. Kama mna hasira za wiki hii, hii itawaudhi.

Njia ya probesheni na CSO

Hapa ntakaa kidogo manake ndo njia ambayo watu wengi hawaijui na inafanya kazi kila siku pale pale kortini.

Kuna mambo mawili tunayachanganya. Probesheni ni kijana kuachwa nje akisimamiwa na afisa, kwa amri ya korti, sheria yake ni Sura 64, muda ni kuanzia miezi 6 hadi miaka 3. CSO ni kutumikia jamii bila malipo, sheria yake ni ya 1998, na inaingia kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, ama hata kosa kubwa zaidi endapo hakimu anaona miaka 3 kurudi chini inatosha. Wizi wa kawaida kifungo chake cha juu ni miaka 3. Kukwapua kitu mwilini mwa mtu ni hadi miaka 14, watu hushtuka wakisikia hivo, lakini hata hiyo hakimu anaweza kuiona ni ya CSO kulingana na hali.

Mezani wako wachache, hakimu, afisa wa probesheni, kijana, na nyinyi, na hapo kwa "nyinyi" ndo patamu. Kabla ya hukumu, na mara nyingine kabla ya dhamana, korti huagiza ripoti. Afisa anatoka ofisini anakuja mtaani. Mimi nlimuona mmoja alipokuja kwa kesi ya kijana mwingine, dada mmoja hivi, ameshuka boda faili kwapani, akaingia mpaka ndani akauliza kijana analala wapi, akaonyeshwa godoro limekunjwa nyuma ya mlango wa ukumbi, akaandika. Akaenda kwa aliyeibiwa, akamuuliza swali sijawahi kusikia afisa yeyote akiuliza: ukimuona anafagia ile shule pale mbele, utasikiaje? Yule mama akanyamaza sana halafu akasema bora hivo kuliko nimuone amekaa tu. Na lenyewe likaandikwa. Kwa hivo kama kuna mahali ambapo faili tatu za Dogo zinaweza kujulikana ni za mtu mmoja, ni kwenye ripoti hii, manake afisa anaongea na chifu na majirani na mama wa viazi, na wao wanajua. Lakini lazima mumwambie! Majirani wengi afisa akija wanasema "ni kijana mzuri" kwa huruma ama kwa woga, kisha wanalalamika.

Inamshika ndani ya korti na baada yake. Meno yapo, akivunja masharti afisa anarudisha habari kortini, anaitwa, na anaweza kuadhibiwa kwa lile kosa la mwanzo. Gharama yenu ni kutoa mahali pa kazi na mtu wa kusimamia. Kazi yenyewe ni ya umma, shule, zahanati, barabara, kupanda miti, haiwezekani apelekwe kufagia duka la mtu eti analipa deni. Kama shule ya mtaa wenu haiko tayari kupokea kijana wa CSO basi afisa atampeleka mbali, na mbali maana yake nauli, na nauli maana yake hataenda.

Inaharibika wapi? Maafisa ni wachache na mafaili ni mengi. Rejista ikiachwa kwa mtu asiyejali, siku ya Ijumaa rafiki yake Dogo anaweka sahihi ya wiki nzima. Na tundu kubwa kuliko yote ni siku baada ya masaa kuisha. Wiki sita mtu alikuwa na mahali pa kwenda saa mbili asubuhi, akimaliza, kwaheri. Maskani iko pale pale.

Kuna kona mbili humu msizisahau. Moja, kama kosa ni la kwanza kweli, si la kwanza la Dogo, ofisi ya mashtaka tangu 2019 ina sera ya kumchepusha mtu kabla hajashtakiwa, kwa masharti, ili asiwe na rekodi, na anayejua habari ya cheti cha tabia njema, ile "good conduct" inayotakwa ukitafuta hata kazi ya ulinzi, ataelewa thamani yake. Pili, unga, yaani heroini. Wezi wetu wadogo wengi, wa mita za maji na vyuma na balbu, wanaibia arosto, yale mateso ya kukosa unga. Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, na kwa kawaida inanywewa pale pale kila siku mbele ya muhudumu, kwa hivo kijana akiwekwa seli Ijumaa bila mtu kuambia kliniki, mpaka Jumatatu ameshaanza kutetemeka na akitoka anakwenda moja kwa moja kutafuta kete. Afisa wa probesheni akijua kijana ni wa kliniki, anaweza kupanga kazi baada ya dozi. Simu moja tu kati ya ofisi mbili.

Inawafaa: mtaa ulio na shule ama zahanati iliyo tayari, na kijana ambaye bado ana mtu nyumbani wa kumuamsha. Kwa kijana wa panga asiye na anwani, sioni.

Njia ya orodha ya majina

Mwenye hadiwea wetu hakuota, hii ipo duniani na ina jina kubwa. Boston, Marekani, miaka ya 1990, polisi, waendesha mashtaka, maafisa wa probesheni na watu wa dini na wa vijana walikaa meza moja wakachora ramani ya makundi, wakakuta makundi 61 yenye watu 1,300 hivi, chini ya asilimia 1 ya vijana wa mji, na hao wakahusishwa na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Kuanzia 1996 wakawa wanawaita vijana uso kwa uso na kuwaambia mambo mawili kwa kikao kimoja: kundi lenu likiua, sisi sote tutawashukia kwa kila kosa mlilo nalo hata dogo, na anayetaka kutoka, hawa hapa wana kazi, shule na matibabu. Mauaji ya vijana yakashuka kwa asilimia 63. Wapo wanaobisha kwamba wakati huo yalikuwa yanashuka na miji mingine, na hoja yao ina uzito. Uingereza na Wales nao tangu 2009 wana mpango wao, polisi na probesheni wanafuata orodha moja ya wanaorudia, wamepangwa kwa rangi nyekundu, manjano na kijani kulingana na hatari, na wanaitana na watu wa nyumba na wa tiba ya dawa za kulevya kujadili mtu mmoja mmoja.

Kwa hivo kuhusu vipande vya Dogo, hii ndo pekee inayoviweka juu ya meza kwa jina lake. Inamshika popote, kabla ya korti, akiwa ndani, na hasa ile siku anayotoka gereza la Shimo la Tewa, afisa ameshajua tarehe na kuna mtu wa kumpokea kabla maskani haijampokea. Meno ni makali kuliko zote manake kila ofisi inatumia nguvu yake kwa pamoja. Lakini huwezi kuianzisha mtaani. Inataka wakubwa wa kaunti, kamishna, polisi, mashtaka, na Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inasema kuwe na mamlaka ya polisi ya kaunti, gavana ama waziri wake wa kaunti ndie mwenyekiti, hapo ndo mahali pa halali pa kuanzia mazungumzo. Gharama yenu ni kusukuma tu, gharama yao ni mtu wa kukaa na hii kazi kila siku.

Sasa kuharibika kwake. Hapa mwenye hadiwea aliponiambia "tuandike majina tu tupeleke" nlimwambia kaa chini kaka. Shirika la Haki Africa lilitoa ripoti 2016 ikahesabu visa 81 vya watu kuuawa na kupotea hapa Pwani kati ya 2012 na mwaka huo. Kwa mji wenye historia hiyo, karatasi yenye majina ya vijana na namba za nyumba zao ikitoka mkononi mwako hujui italala wapi. Na jirani mwenye ugomvi wa ukuta na jirani, je, hataongeza jina la mtoto wake? Orodha ya Boston na ya Uingereza si ya minong'ono, mtu anaingia kwa rekodi, anahakikiwa na ofisi zaidi ya moja, anaambiwa yumo, na anatoka akitulia. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, maafisa hawawezi kupeana habari za mtu hivi hivi bila msingi. Mkisikia mtu anawaletea mpango wa orodha muulizeni matatu: nani anaweka jina, nani analitoa, na nani kasaini kwamba haitafika kwenye WhatsApp. Akikosa hata moja, ondokeni.

Na tatizo lingine dogo lakini la kweli, njia hii inasimama kwa watu. Boston yenyewe walioiendesha walipohama na kazi ikaachwa mwaka 2000, mauaji yakaanza kupanda tena. Sisi OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anahamishwa hata hajamaliza kujua njia za mtaa.

Inawafaa: maeneo yenye makundi ya panga, watu wanaojeruhi, ambapo faini na kufagia ni mzaha. Kwa mwizi wa betri ni kutumia nyundo kuua nzi.

Njia ya wazee na Nyumba Kumi

Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kuangaliana usalama, imekuja 2013, tumeazima kwa jirani zetu wa Tanzania, na wazee walikuwepo kabla ya sisi kuzaliwa. Katiba ibara ya 159 inaruhusu usuluhishi na njia za kienyeji, na mahakama ilitoa sera ya haki mbadala 2020. Mezani wako mzee wa mtaa, chifu ama naibu wake, imamu ama mchungaji, familia mbili. Inamshika kijana mapema kuliko zote, siku ile ile, na hiyo ndo nguvu yake, kesho yake asubuhi ameketishwa mbele ya mjomba wake na aliyemuibia.

Ile betri ya tuktuk ilianzia huku, kwa taarifa yenu. Mjomba alikubali kulipa 4,500 kwa awamu tatu, akalipa mbili, ya tatu mpaka leo, mwenye tuktuk akachoka akaenda polisi, na hapo ndo mambo ya faini yakaja. Hakuna mtu wa kumbana mjomba. Meno hakuna, ila aibu, na aibu inauma kwa familia inayokaa hapo miaka na haiumi hata kidogo kwa mpangaji wa mwezi.

Mipaka yake ijulikane. Kisheria hakimu anaweza kuhimiza wapatane kwa makosa madogo ya kibinafsi, shambulio la kawaida na mfano wake. Panga, wizi wa mabavu, ubakaji, mtoto kuumizwa, hayo hapana, mzee akiyasuluhisha anaficha kosa. Na tafadhali wale wanaosema tumpeleke mwizi kwa Kadhi, korti ya Kadhi ni ya ndoa, talaka na mirathi na mambo ya namna hiyo kwa Waislamu, haihukumu wizi. Raia anaweza kumkamata mwizi, ndio, lakini ampeleke polisi bila kuchelewa. Kiberiti na tairi si usuluhishi.

Inaharibika kwa upendeleo, mtoto wa fulani anasamehewa, wa mama wa viazi anapigwa. Na inaharibika kwa kutoandika. Dogo alisuluhishwa mara mbili kabla ya zile faili tatu, niliambiwa baadaye, na hakuna daftari popote. Ukitaka njia hii, nunua daftari la mistari, andika tarehe, nani alikuwepo, nini kilikubaliwa, sahihi. Shilingi mia na kidogo tu, na siku afisa wa probesheni akija una kitu cha kumuonyesha.

Inawafaa: kosa la kwanza la pili, mali ndogo, familia zinazojuana, mtaa wenye mzee anayeheshimiwa na pande zote. Mkiwa na wazee wanaogombana wao kwa wao, msithubutu.

Sasa hali yenu ni ipi?

Kama kijana wenu hajafika miaka 18, wekeni hizi zote pembeni kwanza muende kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kabisa, na kwa wakubwa kidogo kuna kuchepushwa. Mtoto asiingie kwenye orodha yoyote. Ile taasisi ya vijana ya Shimo la Tewa ni ya amri ya korti kwa wavulana wa kati ya 15 na 17, si mahali pa kumtishia mtoto aliyekataa madrasa.

Kama wezi wenu ni wa unga, anzeni kliniki na probesheni pamoja, na mnaweza kupata wazee wa kumsindikiza kwenye dozi ya asubuhi mwezi wa kwanza. Polisi wa peke yao kwa hili ni kuzungusha mtu yule yule, seli, mtaani, seli.

Kama kesi zenu zinakufa kortini, mashahidi hawaitwi, majina yanachanganywa, basi CUC, na pelekeni mifano mitatu iliyoandikwa, tarehe na namba za kesi kwa mwenyekiti, si hadithi.

Kama mna makundi ya panga na watu wanaumia, msijifanye mashujaa wala wapelelezi. Shinikizeni kaunti na kamishna waketi na ofisi ya mashtaka na probesheni, mkiwa na mashirika ya haki ndani ya chumba tangu siku ya kwanza. Na shahidi mwenye hofu aelekezwe kwa wakala wa kulinda mashahidi, sheria yake ni ya 2006, asiambiwe "jikaze".

Kama ni mmoja tu, mnamjua mpaka bibi yake, kosa dogo, jaribuni wazee na daftari, mara moja. Akirudia, msimsuluhishe tena, nendeni na daftari kituoni.

Sisi kwa Dogo tumeangukia probesheni, kwa kura, na mwalimu mstaafu ameruhusiwa kwenda na barua yake CUC kwa yale ya majina. Mwenye hadiwea amenuna. Kesi ya duka inatajwa mwezi ujao, shule ya msingi hapa karibu imekubali kupokea mtu wa CSO iwapo korti itaamua hivo, na jana mamake Dogo alinisimamisha pale kwenye karai akanionyesha ujumbe kwenye simu, kitambulisho cha mwanawe kilikuwa tayari Huduma Centre, kimekaa huko tangu mwaka jana hakuna aliyekwenda kukichukua. Tunakwenda Jumatatu, mimi na yeye na Dogo.